Uzamili: nisomee usanifu wa bidhaa au niendelee na uhandisi mitambo?

BintiWinam, Kisumu

Ndugu zangu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, na ninafanya kazi katika karakana moja hapa Kisumu ambako tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi na za kukatakata majani ya ng'ombe. Mwaka ujao ninakusudia kuanza shahada ya uzamili, na nimekwama kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na uhandisi mitambo, ambao ninaujua na ambao wazazi wangu wanaweza kuwaeleza majirani bila kusita. Ya pili ni usanifu wa bidhaa, yaani fani ya ubunifu inayoshughulikia umbo la kitu, namna mkono unavyokishika na namna mtu anavyokielewa kabla hajaelezwa.

Kilichonifanya niifikirie njia hii ya pili ni mashine ya kupukuchua iliyonunuliwa na kikundi cha akina mama kule Vihiga. Kwa hesabu haikuwa na kasoro: mota ilitosha, ngoma ilizunguka kwa kasi inayofaa, na punje hazikuvunjika. Hata hivyo, nilipowatembelea niliikuta imefunikwa turubai, na wenyewe wameketi wakipukuchua kwa mikono. Mdomo wa hopa, yaani chombo cha juu ambamo mahindi humiminwa, ulikuwa juu mno. Mama mwenye beseni lililojaa mahindi alilazimika kulinyanyua hadi usawa wa uso, kisha alimimine bila kuona ndani, na mengine yalimrukia machoni. Tuliushusha ule mdomo, tukaulaza kidogo na kuuwekea kikingio cha bati, na tangu hapo mashine inatumika. Hesabu za ngoma na mota hazikuguswa hata kidogo.

Sasa ninauliza: nikisomea usanifu, je, nitakuwa nimejifungia njia ya kusajiliwa kuwa mhandisi? Na je, ipo kozi inayoziunganisha fani hizi mbili, au ni lazima niiache moja?

MhandisiNjoro, Nakuru

Binti yangu, nitaanza na hilo la usajili kwa sababu ndilo linalowatia wengi hofu, na mara nyingi hofu yenyewe haina msingi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, Bodi ya Wahandisi Kenya hukusajili kwanza kama mhandisi mhitimu kwa kuitazama shahada yako ya kwanza, na ni baada ya kufanya kazi kwa vitendo kwa muda usiopungua miaka 3 ndipo unapoweza kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Uzamili si sharti katika ngazi yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo, ikiwa shahada yako ya kwanza inatambuliwa na Bodi, kusomea usanifu hakukuondolei chochote ulichokwisha kukipata.

Lakini tazama upande wa pili wa jambo hilo hilo, kwa maana hapo ndipo ushauri wangu ulipo. Mtu aliyeanza na shahada ya usanifu hawezi kuwa mhandisi aliyesajiliwa kwa kuongeza tu uzamili wa uhandisi, kwa kuwa msingi wa usajili ni ile shahada ya kwanza, na sheria haimruhusu mtu kujiita mhandisi bila kusajiliwa. Mlango huu, kwa hiyo, hupitika kwa upande mmoja tu, na wewe umesimama upande ule unaopitika. Wenzako wengi waliosomea sanaa wangetamani nafasi hiyo.

Jambo ninalokusihi ni kwamba usiache kuandika kumbukumbu za kazi yako ya sasa chini ya usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa. Nimewaona vijana wenye vipaji wakienda masomoni, wakirudi, na kukuta kwamba ile miaka yao ya karakana haina karatasi hata moja ya kuithibitisha. Kama fundi mkuu wako si mhandisi aliyesajiliwa, mtafute aliyesajiliwa akusimamie kabla hujaondoka.

Uhandisi wa uzamili nao una mahali pake. Ikiwa unavutiwa na uchovu wa vyuma (namna chuma kinavyodhoofika kwa kubebeshwa mzigo tena na tena), mitetemo, joto au mtiririko wa maji, hakuna studio ya usanifu itakayokufikisha kwenye kina hicho. Ila katika maelezo yako yote hukusema popote kwamba swali la aina hiyo linakunyima usingizi. Kilichokushughulisha ni beseni la yule mama.

UmboNaKazi, Kakamega

Ninakubaliana na mzee wa Njoro kuhusu sheria, lakini nisingependa dada yetu aingie katika usanifu akidhani kwamba ni uhandisi uliopunguziwa hesabu. Mimi ni msanifu, na nimefanya kazi na wahandisi kwa muda mrefu. Wanaposomea usanifu, kinachowasumbua zaidi si kuchora, maana kuchora hujifunzwa. Ni kwamba mwanzoni hawapewi swali. Katika uhandisi unaambiwa mzigo ni kiasi gani, kisha unatafuta unene wa chuma. Katika studio unaweza kuambiwa, "Nenda ukaone namna watu wanavyobeba maji," na baada ya wiki kadhaa unatarajiwa urudi na tatizo ulilolichagua mwenyewe, uweze kulitetea mbele ya walimu na wenzako watakaolichambua bila huruma, kisha uanze kutengeneza vielelezo vya karatasi, mbao na udongo ambavyo vingi vyake vitatupwa. Mtu aliyezoea jibu moja sahihi huumia sana mwanzoni.

Mfano mzuri uko jikoni mwetu sote. Jiko la udongo na bati tunalopikia kwa makaa lilitengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kulibadilisha jiko la ndoo lililotoka Thailand. Kuna uhandisi ndani yake: udongo na bati havitanuki sawa vinapopata joto, na asiyelizingatia hilo huishia na kikombe cha udongo kilichopasuka. Ila lile umbo lililobanwa kiunoni na kutanuka chini linabeba maamuzi mengine yasiyoonekana katika fomula. Jiko lilipaswa kusimama imara sufuria ya ugali inaposongwa kwa nguvu, na ilibidi liweze kutengenezwa na fundi wa jua kali kwa zana alizokwisha kuwa nazo. Huku kwetu magharibi, jiko la kuni liitwalo Upesi lilifuata njia yake lenyewe: halina koti la bati, kikombe chake cha udongo hufinyangwa na vikundi vya akina mama na kujengewa moja kwa moja jikoni. Wapishi wa kuni na wapishi wa makaa hawakupewa jawabu moja, na mimi huuita uamuzi huo usanifu.

Hata sheria ya nchi inazitambua kazi hizi mbili kwa njia tofauti. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001, uvumbuzi wa namna kitu kinavyofanya kazi hulindwa kwa hataza (patent) ya miaka 20, ilhali mwonekano wa bidhaa hulindwa kama usanifu wa viwandani kwa miaka 5, nao unaweza kuongezewa muda mara mbili. Karakana yenu ikibuni mashine mpya, huenda ikahitaji kinga zote mbili, na ni vyema awepo mtu mmoja anayeelewa pale zinapotengana.

MwalimuWaKibos, Kisumu

Kuhusu kozi zinazounganisha, ipo inayojulikana sana kule London, inayoendeshwa kwa pamoja na Royal College of Art na Imperial College. Inachukua miaka 2, na mhitimu hutoka na shahada mbili za uzamili, moja ya sanaa na moja ya sayansi. Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, nacho kina kitivo kizima cha uhandisi wa usanifu wa viwandani, na uzamili wake hufundishwa kwa Kiingereza kwa miaka 2.

Jihadharini na jambo moja ambalo waombaji hulisahau. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, unaopendwa sana na Wakenya, hulipia kozi za mwaka mmoja tu, kwa hiyo ile ya miaka 2 ya London haimo. Vilevile humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 na arudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo. Dada akichagua njia hiyo, atafute kozi ya mwaka mmoja ya usanifu wa bidhaa, nazo zipo Uingereza.

Kama hataki kuondoka nchini, Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha usanifu tangu miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina idara ya uhandisi wa nguo pamoja na kiwanda chake cha Rivatex, ambako uhandisi na usanifu hukutana juu ya kitambaa kila siku. Najua nguo si mashine. Ninakitaja kwa sababu ni nadra mwanafunzi kupata kiwanda halisi karibu na darasa lake.

BintiWinam, Kisumu

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Mzee wa Njoro amenitua mzigo mkubwa, na leo nimezungumza na mhandisi aliyesajiliwa ambaye amekubali kukagua na kutia sahihi kumbukumbu zangu kila mwezi. Nimeamua kuomba usanifu. Limebaki swali moja kwa dada wa Kakamega: vyuo vinataka jalada la kazi, yaani mkusanyo wa kazi za mwombaji, na mimi nina michoro ya kompyuta tu. Je, niende kwanza kujifunza kuchora kwa mkono?

UmboNaKazi, Kakamega

Jifunze, lakini usingoje umahiri ndipo uanze kutuma maombi. Weka ile mashine ya Vihiga kwenye kurasa za kwanza: picha ya hopa ya zamani, vipimo vya vimo vya akina mama waliokuwa wakiitumia, vielelezo mlivyojaribu vikashindikana, na picha ya hopa ilivyo sasa. Andika kwa ufupi kwa nini mliulaza mdomo kwa kiasi hicho na si zaidi. Michoro ya kompyuta iwe nyuma, na uwaombe ruhusa akina mama kabla ya kutumia picha zao.