Naomba ushauri: umeme gani wa bei nafuu wa kutolea kutu kwa elektrolisisi (kupitisha umeme kwenye maji yenye soda)?

Jiliwa_Bovu
Wakuu, habari za muda huu. Nina jiliwa la kurithi na patasi kadhaa, kutu imekula mpaka skrubu ya jiliwa haizunguki. Ndoo ya plastiki, soda ya kufulia na vipande vya nondo vipo tayari. Kilichonikwamisha ni umeme. Chaja yangu ya betri ya gari ni hizi za kisasa zenye kioo. Nikiunganisha kwenye ndoo inaandika kosa na kugoma. Vingine nilivyonavyo: chaja ya laptop ya 19V na 3.42A, pawa saplai niliyoitoa kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa, na betri ya gari. Pawa saplai ya maabara siiwezi kwa bei. Nichukue kipi?

Spana17
Betri ya gari mkuu. Unganisha, kazi inaanza.

Mzee wa Solda
Spana17, hapo unampoteza mwenzako. Betri ya gari ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea, na juu ya ndoo hiyo kuna haidrojeni inapanda. Nondo ikiteleza ikagusa jiliwa, cheche moja inatosha.

Mleta mada, chaja yako ni nzima. Za kisasa hupima kwanza kama upande wa pili kuna volti za betri; ndoo haina, kwa hiyo inagoma. Zile za kizamani zenye transfoma nzito na mshale wa ampea haziulizi. Ukiiona ya mtumba usiiache.

Halafu usihangaike na volti kubwa. Kinadharia maji huanza kuchanganuka kwenye 1.23V, kwa vitendo ukipita 2 au 3 mapovu unayaona. Hata 5V ya chaja ya simu itasafisha kitu kidogo, ila taratibu. Ampea zinapangwa ndani ya ndoo: ukizidisha soda, ukisogeza nondo karibu au ukiongeza nondo, zinapanda. Anza na kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4. Maji yakianza kupata moto, umezidisha.

Ningekuwa wewe ningechukua pawa saplai ya kompyuta. Kwenye plagi yake kubwa unganisha waya wa kijani na mweusi wowote ndipo iwake. Njano ni chanya ya 12V, nyeusi ni hasi. Boksi lenyewe usilifungue, kapasita za ndani hubaki na umeme hata ukishachomoa. Kisha njiani kwenye waya wa njano weka balbu ya taa ya mbele ya gari, 12V 55W. Hapo hata nondo ikigusa jiliwa hazipiti zaidi ya ampea 4.6 hivi, na balbu inawaka mwanga wake wote. Shoti unaiona ukiwa mlangoni. Mambo yakienda sawa inafifia, nyuzi zinabaki nyekundu.

KutuSugu
Chaja ya laptop nayo inapiga kazi. Ukiona inawaka na kuzima, inajilinda: punguza soda au sogeza nondo mbali. Pima na multimita kabla ya kukata waya, mara nyingi chanya ni ya katikati. Zile za USB-C achana nazo, hazitoi umeme mpaka zitambuane na kifaa.

Jua_Kali
Mbona hakuna aliyetaja sola? Mimi natumia paneli ya wati 50, moja kwa moja bila kontrola.

Mzee wa Solda
Jua_Kali umenikumbusha. Aliye na paneli asinunue kitu. Hiyo yako ina ampea 3 hivi, na hata ukiipiga shoti haiharibiki. Ubaya wake ni mawingu tu.

Jiliwa_Bovu
Shukrani wakuu. Sahani ya stenlesi inafaa badala ya nondo? Naona haitaliwa haraka.

KutuSugu
Hapana! Stenlesi inaachia kromia yenye sumu kwenye maji. Nondo zikiliwa badilisha, ndiyo kazi yake. Chumvi ya mezani pia usitie, inatoa klorini. Hasi kwenye jiliwa, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, jiliwa ndilo litaliwa. Fanyia nje au penye hewa, na uzime ukutani kabla ya kugusa vibanio.

Mzee wa Solda
Na patasi zitoe humo. Chuma kilichokomazwa kinaweza kunyonya haidrojeni kikawa chepesi kuvunjika. Zisugue kwa mkono na mafuta.

Jiliwa_Bovu
Sawa mzee. Balbu ya taa ya mbele sina, nina ya breki ya 21W. Itafaa?

Mzee wa Solda
Itafaa. Haitapitisha zaidi ya ampea 1.75, kwa hiyo jiliwa litakaa ndani muda mrefu zaidi. Ukilitoa likaushe na ulipake mafuta papo hapo, kutu mpya haichelewi.