Wanaume wako wapi katika kazi ya misheni?

Katibu wa Umoja ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya misheni katika kanisa moja la mtaani Umoja, hapa Nairobi. Mwezi wa Agosti tunapeleka kundi Marsabit kwa wiki mbili, na kati ya watu 23 walioandikisha majina, wanaume ni wanne tu, mmoja wao akiwa dereva wa basi, ambaye kwa kweli hakuulizwa. Tulipoutangazia ushirika wa wanaume safari hiyo, waliipokea kwa furaha, na kabla ibada haijakwisha walikuwa wamechanga pesa za mafuta ya kwenda na kurudi. Nilishukuru, lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza kama mchango haujageuka kuwa namna ya kununua ruhusa ya kubaki. Kila mwaka tunasoma Mathayo 9:37, kwamba mavuno ni mengi lakini watenda kazi ni wachache, na kila mwaka wanaoinuka ni akina mama na mabinti wale wale. Je, ni nini hasa kinachowazuia wanaume? Na je, upungufu wao una madhara ya kweli kule tunakokwenda, au mimi ninahesabu vichwa tu?

Mzee wa Kaskazini amejibu:

Katibu, madhara yapo, na nitakueleza niliyoyaona kwa miaka 11 niliyohudumu kati ya Warendille, wafugaji wa ngamia wa huko Marsabit, kabla ya kurudi kuishi Kayole. Katika maboma yao kuna naabo, ua wa katikati ambamo wazee hukutana jioni kusali, kusikiliza habari za malisho na kuamua mambo ya ukoo mzima. Hapo ni mahali pa wanaume. Dada wa misheni anaweza kuishi karibu na boma hilo kwa miaka mingi, akatibu watoto, akafundisha kusoma, akapendwa kuliko sisi sote, na bado asiketi naabo hata jioni moja. Nilipofika nilikuta kanisa dogo lenye wanawake na watoto tupu, na wazee wakinieleza kwa upole kabisa kwamba dini hiyo ni nzuri na wamewaruhusu wake zao waifuate. Hawakuwa na ugomvi nayo, bali waliihesabu kuwa jambo la wanawake kwa sababu walioileta walikuwa wanawake, na hakuna aliyekuwa amekaa nao mahali ambapo wao huzungumza mambo mazito.

Vijana ndio wagumu zaidi kuwafikia, maana huwa mbali malishoni pamoja na ngamia kwa miezi, na anayetaka kuzungumza nao hana budi kuwafuata huko, alale wanapolala. Kazi hiyo binti wa Nairobi hawezi kutumwa, si kwa sababu hana imani, bali kwa sababu jamii yenyewe haitampa nafasi.

Dada Mwuguzi amejibu:

Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu naabo, lakini naomba mjadala huu usifike mahali ambapo wanawake tunaonekana kama wachezaji wa akiba walioingizwa kwa kuwa wenye namba hawakufika. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wamekuwa wengi kuliko wanaume katika kazi ya misheni ya makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Marekani. Mary Slessor alitoka Scotland akafika Calabar, katika Nigeria ya leo, mwaka 1876, akafanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 1915. Wakatoliki nao wana Sista Irene Stefani, aliyehudumu Gikondi, Nyeri, akafa mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa akimhudumia mgonjwa, na akatangazwa mwenyeheri mwaka 2015. Hata kundi la kwanza la Africa Inland Mission, lililofika Mombasa mwaka 1895 likiongozwa na Peter Cameron Scott, lilikuwa na dada yake, Margaret.

Kwa hiyo wanaume waitwe, ila waitwe kufanya kazi. Mimi nimehudumu katika kituo ambacho kamati iliyoamua tupelekwe wapi na tulipwe nini ilikuwa ya wanaume wote, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala kituoni usiku mmoja. Akija mwanamume ambaye mara moja anapewa uenyekiti huku wenzake wa miaka mingi wakiendelea kuchota maji, hatutakuwa tumepata mtenda kazi.

Fundi wa Buruburu amejibu:

Mimi ni miongoni mwa hao wanaobaki, basi nitasema kutoka upande wetu. Nina umri wa miaka 31, ni fundi wa umeme, na niliwahi kujaza fomu za kwenda kwa miaka miwili, kisha nikaziacha. Mimi ni kifungua mimba, na karo ya wadogo zangu wawili iko juu yangu. Halafu niliambiwa nitafute watu wa kunitegemeza kwa ahadi za kila mwezi kupitia M-Pesa. Dada akiomba msaada huo, kanisa humwona amejitoa, lakini nilipoomba mimi, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza mbele ya watu nitaanza lini kufanya kazi. Wazazi wa mchumba wangu waliuliza swali hilo hilo, ingawa wao walilipamba kidogo. Kanisa linalompima mwanamume kwa anachokileta mezani kila Jumapili haliwezi kushangaa anapoogopa kwenda mahali ambapo hatakuwa na cha kuleta.

Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, kama tunavyosoma katika Matendo 18, na sioni kwa nini mimi nisitumwe na koleo zangu. Pampu za sola za visima huharibika kila mara huko kaskazini. Nipeni kazi ninayoijua, niketi na watu tukiitengeneza, na mazungumzo yatakuja yenyewe.

Katibu wa Umoja amejibu:

Nawashukuru nyote. Dada, maneno yako kuhusu kamati yamenigusa, kwa kuwa yetu nayo ni ya wanaume sita na mama mmoja ambaye huandaa chai, na nitaliwasilisha jambo hilo kabla ya safari. Ndugu Fundi, tafadhali niandikie faraghani. Nitawaomba wanaume wa ushirika wetu kwamba, pamoja na mafuta, wakulipie siku za kazi utakazopoteza na wachangie karo ya wadogo zako kwa muhula huo, kwa sababu naona sasa kwamba tulikuwa tukitegemeza safari bila kumtegemeza msafiri. Mzee, nina swali moja tu kwako: mgeni huingia naabo siku anapofika, au hungoja kuitwa?

Mzee wa Kaskazini amejibu:

Hungoja kuitwa. Mimi nilingoja siku 19, na ninyi mnakwenda kwa wiki mbili.