Fundi ametia mafuta ya breki ya gari kwenye breki ya baiskeli na gia yangu amebeba. Binti yangu ameshonwa kidevu

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nimepoa siku 9. Binti yangu wa miaka 13 ana nyuzi 3 kidevuni na kiwiko kilichochubuka hadi nyama ikaonekana, na jana kijana aliyeishika baiskeli hiyo kabla ya ajali alinijibu kwa simu: "Mzee, kwani si hiyo baiskeli ilikuwa ya mtumba?"

Ndiyo, ni ya mtumba. Ilitoka Uingereza, nikailipia shilingi 32,000 hapa Kisumu baada ya kuweka akiba miezi 7. Ina breki za diski za mafuta na gia za Shimano, vyote vilikuja nayo. Nimeitunza kuliko jirani yangu anavyotunza gari lake. Kila Jumamosi naisugua cheni kwa mswaki wa zamani, na kila mwezi naipima kwa rula. Cheni isiyochakaa ukiipima inchi 12 inaanzia kwenye pini na kuishia kwenye pini. Ile pini ya mwisho ikivuka alama kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imevutika na itaanza kula meno ya gia. Mtu anayepima cheni yake hivyo anajua kilichofungwa kwenye baiskeli yake. Ndiyo maana nimeudhika kuambiwa eti nimesahau gia yangu ilivyokuwa.

Mwaka jana binti yangu alirefuka ghafla, baiskeli yake ndogo ikawa haimfai tena, nikampa hii yangu. Mimi nikachukua Black Mamba ya marehemu baba, ile ya magurudumu makubwa na breki za fimbo za chuma, aliyokuwa akiendea shuleni kufundisha. Toka hapo Jumapili ikawa yetu sisi wawili. Tunatoka mjini alfajiri, tunapita uwanja wa ndege, Otonglo, Kisian, halafu mlima unaanza: Lela, Maseno, hadi Luanda kwa mama yangu. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, Maseno iko karibu mita 1,500, na Black Mamba haina gia hata moja, kwa hiyo sehemu nyingine mimi nasukuma na yeye ananingoja juu akila njugu. Pale Maseno kwenye alama ya ikweta lazima asimame, gurudumu moja kaskazini, moja kusini. Amefanya hivyo kila safari na hajachoka. Kwa nyanya yake tunakunywa chai, tunafungiwa ndizi, tunateremka.

Hiyo Jumapili ndiyo nimenyang'anywa.

Mkono wa breki ya mbele ulikuwa umeanza kulegea kidogo, dalili ya hewa kuingia kwenye mafuta. Kazi yake ni kutoa hewa na kuongeza mafuta, basi. Kifaa cha kutolea hewa sina, nikaipeleka katika duka moja la baiskeli hapa mjini. Jina silitaji, na msinisumbue kwa meseji za faragha mkiuliza. Nikaambiwa ni afadhali nifanyiwe sevisi kamili, shilingi 4,500. Nikakubali. Niliiacha Jumanne nikaichukua Ijumaa saa moja jioni, stima zimepotea, duka liko gizani, kijana ananimulikia kwa simu. Nikabana breki, ngumu kabisa, safi. Nikatuma pesa kwa M-Pesa nikaondoka.

Jumapili tulipanda vizuri. Kupanda mlima hakuhitaji breki, kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu. Tulipokuwa tunarudi, baada ya kupita Lela ule mteremko unapoanza kuvuta, yeye alikuwa mbele yangu kama hatua 50. Nilisikia "Baba!" moja tu. Alikuwa amebana mkono wa mbele ukaenda ukalala kwenye usukani. Breki ya nyuma peke yake kwenye mteremko ule ililifunga gurudumu likaanza kuteleza. Mbele kulikuwa na matatu inashusha abiria. Akaamua mwenyewe, mtoto wa gredi ya 7, kuitupa baiskeli kwenye nyasi kuliko kuingia barabarani, na nyasi zile zimeficha mtaro wa mawe. Helmeti ilipasuka upande wa kushoto. Kichwa kiko salama.

Mimi nilisimama kwa breki za fimbo za mwaka wa zamani.

Nyumbani mama watoto hakusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu akasema baiskeli zote ziuzwe, hata ya baba. Sikumjibu, kwa sababu yeye ndiye aliyemshika mtoto mkono wakati wa kushonwa na ana haki ya kusema lolote. Binti alilia siku hiyo kuliko siku aliyoanguka.

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Rangi kwenye fremu, chini ya mkono wa breki, ilikuwa imevimba vipovu na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Nikajua hapo hapo. Mafuta ya breki ya gari hula rangi. Mafuta ya madini ambayo Shimano huweka kwenye breki zake hayafanyi hivyo, na yana wekundu fulani. Nilifungua kifuniko cha juu: mafuta ya manjano. Nikachukua bilauri ya maji jikoni (hiyo bilauri imetupwa, msijali) nikadondosha tone. Mafuta ya madini yangeelea. Hili lilizama likachanganyika na maji likapotea. Hakuna ubishi tena.

Kwa wasiojua: raba za ndani ya breki, zile zinazozuia mafuta yasitoroke, hutengenezwa kwa aina moja ya mafuta. Raba za mafuta ya madini zikikutana na mafuta ya gari huvimba na kulainika. Siku ya kwanza mkono ni mgumu na unasifu kazi. Baada ya siku chache pistoni zinakwama au mafuta yanavuja, na mkono unalala. Zipo baiskeli zinazotumia mafuta ya aina ya gari, kampuni ya SRAM wameyatumia miaka mingi, na hizo nazo ukizitia ya madini unaziharibu vilevile. Ndiyo maana imeandikwa. Kwenye kifuniko cha breki yangu imeandikwa utumie mafuta gani. Kusoma tu! Kijana alikuwa na simu yenye taa!

Nikadhani hayo ndiyo yote. Siku iliyofuata binti yangu, bado na bandeji, alikuwa amekaa uani anaipangusa tope. Akaniita. "Baba, hii si gia yetu. Yetu ilikuwa na mkwaruzo wa geti." Anasema gia ya nyuma, kile kidude kinachoning'inia chini ya meno na kurusha cheni. Mwaka juzi aliikwaruza kwenye geti la kwetu akaogopa kuniambia wiki nzima, kwa hiyo mkwaruzo ule anaujua kuliko mtu yeyote duniani. Nikaitazama. Ni ya bati, nyepesi, ukiitikisa kwa kidole inacheza. Yangu imeenda. Mtu alikaa chini akafungua kitu kizima cha kwangu, akafunga takataka, akanitoza shilingi 4,500 juu yake, akanimulikia simu gizani nisione.

Nilipopiga simu mara ya kwanza nikaambiwa mwenye duka hayuko. Mara ya pili, "mafuta ni mafuta, mzee." Mara ya tatu ndiyo hiyo ya mtumba. Kuhusu gia, kwanza walisema ilikuwa imekufa wakaibadilisha kunisaidia. Nikauliza, ya zamani iko wapi? Ilitupwa. Nani aliwaruhusu kuibadilisha? Kimya, kisha simu ikakatwa.

Niliipeleka Luanda kwa mzee aliyekuwa akimtengenezea baba ile Black Mamba. Ana mwembe, kibao cha kukalia na kopo la maziwa ya unga lililojaa gololi. Ukimletea gurudumu anamwaga gololi zako kwenye kitambaa mbele yako, mnazihesabu pamoja, zilizoisha anakuonyesha makovu yake kwa ukucha, halafu anakufungia kwenye karatasi uende nazo nyumbani. Hata gololi mbovu ni zako. Nilimwonyesha breki za mafuta. Aliinama akazitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye bomba, akasema, "Hizi sizijui, mwanangu. Nikizigusa nitaua mtu." Kisha akanyoosha rimu iliyopinda, akakataa pesa kwa sababu ya mtoto.

Sitaki kusikia kwamba mafundi wetu hawakusoma. Huyu mzee hana cheti hata kimoja. Na huku kwetu baiskeli si kitu kigeni. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa Busia, kwa watu waliokuwa wakivusha abiria na mizigo mpakani kwa baiskeli, kabla nduthi (pikipiki) hazijajaa. Watu walipelekwa kujifungua juu ya keria. Mahindi, mbao, majeneza, vyote vilipita juu ya magurudumu mawili, na mafundi wa chini ya miti ndio waliofanya hayo yawezekane. Halafu leo mtu anafungua duka lenye vioo, anatundika helmeti dirishani, anashindwa hata na maandishi ya kifuniko.

Na kuna sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine, na inamtaka fundi akurudishie vipande alivyovitoa. Sikuijua hadi wiki hii. Kwa hiyo "ilitupwa" si jibu. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na mimi nina risiti ya M-Pesa, picha za rangi iliyobanduka, picha ya baiskeli ya mwezi Januari inayoonyesha ule mkwaruzo wa geti, na karatasi ya hospitali.

Ninachodai ni gia yangu ile ile, mkono wa breki na kalipa (kile kinachobana diski) mpya za mbele kwa sababu raba zimeharibika na hakuna wa kuzifufua, helmeti, gharama ya kushonwa, na mwenye duka aje nyumbani amwangalie mtoto usoni. Hilo la mwisho mahakama haiwezi kunipa, lakini nalitaka kuliko yote. Nimewapa hadi Jumamosi hii saa sita mchana.

Nyongeza, usiku: Aliyeuliza kwa nini sikuikagua Ijumaa, nimekueleza ilikuwa giza, na hata mchana usingeona raba zikivimba ndani ya chuma. Aliyeniambia nimnunulie mtoto simu aachane na baiskeli, nimekusoma nikakuacha. Dada uliyesema ulifanyiwa jambo kama hili na spoki, tafadhali weka picha hapa hapa ili wengine waone.

Mama watoto amesoma uzi huu. Amesema Black Mamba isiuzwe, ile nyingine tutaongea breki ikishapona.

Kwa hiyo, kama kuna mwenye mkono wa breki ya mbele wa Shimano, wa upande wa kulia, mtumba au mpya, ambao haujawahi kuonja mafuta ya gari, aniandikie. Nitaufuata mwenyewe hata kama ni Eldoret.