MJADALA: Majengo ya umma yalazimishwe kununua sanaa ya hapa nyumbani?

Kuta Tupu (mtoa mada): Wadau, juzi nimekaa saa tatu kwenye foleni ya ofisi moja ya umma hapa Dar. Mbele yangu ukuta mweupe, kalenda ya mwaka jana, na picha ya maporomoko ya maji ambayo hata hayapo Tanzania. Kutoka pale mpaka Morogoro Stores, Oysterbay, wanakochora zile picha za Tingatinga, za wanyama na ndege, ni bajaji moja tu. Ufaransa tangu 1951 wana utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya gharama za jengo la umma kwa ajili ya sanaa. Sisi tunashindwa nini? Mimi nimeanza kwangu: khanga za marehemu bibi zilikuwa zinaozea sandukuni, nimezikata nikashonesha mito ya sebuleni. Kila mgeni anasifia. Karibuni kwa hoja, si matusi.

Mbishi wa Kudumu: Asilimia 1 ya jengo ambalo choo chake hakina maji? Tundika tembo kumi ukutani, mkuu, mimi bado natafuta ndoo.

Bint Pangani: Ngoja kwanza. Umekata khanga za MAREHEMU BIBI?

Kuta Tupu: Dada, nimezitoa gizani. Si ndiyo sanaa kuingia kwenye maisha ya kila siku?

Bint Pangani: Khanga ilitoka lini kwenye maisha, kaka? Umebebwa nayo mgongoni, umefunikwa nayo ukiumwa, mama yako amejifungia kiunoni akisonga ugali. Wewe ndiye uliyeitoa. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukishaikata, jina linakwenda wapi?

Fundi Cherehani: Naomba nijibu, maana kazi hizi naletewa mimi. Jina linakaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo, na ni refu kuliko mto. Kuna mteja alileta doti ya "Japo sipati tamaa sikati". Nikamshauri tuyaache maneno pembeni, akagoma, anataka yasomeke. Mto wa kwanza ukatoka JAPO SIPATI TA. Wa pili MAA SIKATI. Akalipa, akaondoka amefurahi.

Mbishi wa Kudumu: Nguo yenyewe inapiga kelele SIKATI, ninyi mnakuja na mkasi! Nimecheka mpaka kondakta kanigeukia.

Mwana wa Mvita: Huku Mombasa twaiita leso, na leso haikatwi ovyo. Mimi nyanyangu zake zote zina "Mali ya Abdulla", chapa ya Kaderdina Hajee Essak. Ukimtajia mkasi atakulaani.

Bint Pangani: Leso ni ya kupengea kamasi, ndugu yangu.

Mwana wa Mvita: Na kanga ni ndege. Haya, tuendelee.

Msomi Huru: Tuwe wakweli jamani. Hiyo "asili" mnayoililia ilianza kama vitambaa vya Wareno, watu wakaviunganisha sita sita. Baadaye ikachapwa India, Uingereza, mpaka Japani. Na Tingatinga ni ya watalii tu, mwenyewe alikufa miaka ya 80 akiwa tajiri.

Mzee wa Tunduru: Kijana, hapo umechemka. Edward Saidi Tingatinga amefariki 1972. Polisi walimpiga risasi wakimdhania mwizi. Alikuwa akichora kwa rangi ya baiskeli kwenye vibao vya hadibodi. Utajiri gani? Ukiwa hujui, uliza, wazee tupo.

Msomi Huru: Shikamoo mzee, mwaka nimechanganya, nisamehe. Ila nani humu ndani ana Tingatinga nyumbani kwake? Siyo ile uliyonunua kumpa mgeni akapande nayo ndege.

Mzee wa Tunduru: Marahaba. Mimi ninayo moja. Ndege wawili na ua. Mke wangu kaiweka nyuma ya friji.

Bint Pangani: Na wewe Msomi, aliyechapa Japani hakujua hata anamchapia nani. Aliyeivaa akapita nayo mbele ya mlango wa mke mwenzie ndiye aliyejua. Hapo ndipo ilipo sanaa, si kiwandani. Usitupige na Wareno.

Msomi Huru: Dada, nani kakupiga?

Kuta Tupu: Jamani, asilimia 1? Majengo ya umma?

Mbishi wa Kudumu: Nilishakujibu. Ndoo.

Fundi Cherehani: Mtoa mada, hebu tuambie, mito yako imeandikwaje?

Kuta Tupu: Sijawahi kusoma, kusema kweli. Nilichagua rangi. Ngoja nikaangalie.

Kuta Tupu: Miwili ni maua ya korosho tupu. Mmoja umeandikwa OZI.

Mwana wa Mvita: Ozi?

Bint Pangani: WEMA HAUOZI. Bibi kakuachia sanduku zima la "Wema hauozi", wewe ukasema zinaoza, ukakata.

Mzee wa Tunduru: Inna lillahi.

Fundi Cherehani: Usimwonee, bado inaungika. Kaka, kile kipande chenye WEMA HAU unacho? Niletee hata kesho, nitakiunga usione mshono.

Kuta Tupu: Kipo. Tunadekia.