LSAT (mtihani wa kuingia shule ya sheria Marekani): kujisomea, kozi ya mtandaoni au mwalimu binafsi? Waliopita njia hii naombeni msaada

Binti_Kigoma

Wakuu, habari za humu. Shikamooni wakubwa.

Niko Houston, huu mwaka wa sita. Shahada ya sosholojia niliipata nyumbani Tanzania, na grini kadi ninayo. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Nataka kuomba shule ya sheria, JD, yaani shahada ya sheria ya huku, ya miaka mitatu, nianze vuli ya 2027. Juzi nilifanya mtihani mmoja wa bure pale LawHub, tovuti ya wenye LSAT, bila maandalizi yoyote. Nikapata 146. Nikafunga kompyuta nikaenda kupika ugali.

Sasa nimekwama kwenye kuchagua:

Kwanza, kujisomea. LawHub Advantage ni dola 120 kwa mwaka na inafungua mitihani mingi halisi iliyopita. Naongeza kitabu kimoja au viwili.

Pili, kozi za kulipia kwa mwezi, kama 7Sage au LSAT Demon. Video, mazoezi, takwimu za makosa yako.

Tatu, mwalimu binafsi. Niliyempata anataka dola 150 kwa saa.

Halafu kuna mtu kazini kaniambia niachane na LSAT kabisa, nifanye GRE, ule mtihani wa jumla wa kuingia shahada za juu, eti ni rahisi. Naomba kuwasilisha.

Mwanasheria_Kesho

Pole na zamu za usiku dada, nazijua vizuri. Mimi ni Mkenya, niko Minneapolis, mwaka wa kwanza wa sheria. Nilianza na 149, nikamaliza na 164 kwenye mara ya tatu. Kwa hiyo 146 ya kukurupuka isikutishe, mtihani wenyewe unaanzia 120 mpaka 180.

Kabla ya kulipa hata senti, jua mtihani ulivyo sasa. Yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti yaliondolewa Agosti 2024. Chanzo chake ni kesi ya Angelo Binno, kijana asiyeona, aliyesema mtu hawezi kuchora michoro asiyoiona. Wakapatana mwaka 2019, LSAC, wenye mtihani huu, wakapewa muda wa kutafuta njia nyingine. Sasa kuna sehemu nne za dakika 35: mbili za hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa, ila huambiwi ni ipi. Kuna pia eseji unayoiandika kivyake nyumbani. Jibu baya halikukatii alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata kama unabahatisha.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu vitabu vya mtumba vinavyouzwa dola tano, theluthi yake ni mafumbo ambayo hayapo tena. Nilivinunua vitatu.

Kuhusu swali lako, mimi nilitumia njia zote tatu, lakini kwa mpangilio wa kijinga. Nilianza na mwalimu. Saa nane za pesa nzuri, nikimlipa mtu anisomee maswali ambayo ningeyasoma mwenyewe. Sikuwa najua ninakosea wapi, basi angenisaidia nini? Nikahamia kozi ya mwezi, miezi mitatu, hiyo ilinipa mpangilio. Lakini alama zilipanda nilipoanza kitu ambacho hakina bei: nikimaliza mtihani wa mazoezi niliojipimia saa, kabla ya kuangalia majibu, narudia bila saa kila swali nililolitilia shaka. Naandika kwa nini jibu hili na kwa nini si lile. Ndipo naangalia. Ukipata sawa bila saa na ukakosea kwa saa, tatizo lako ni kasi. Ukikosea mara zote mbili, hujaelewa. Tiba zake ni mbili tofauti, na mimi nilikuwa nazimeza kwa kijiko kimoja.

Chui_wa_Columbus

GRE nilifanya mimi. Shule nyingi zinaipokea, Arizona walianza 2016 na Harvard wakafuata 2017. Rahisi? Ina hesabu. Kama uliziacha hesabu kidato cha nne, andaa leso. Halafu kumbuka: ukishafanya LSAT, alama zako za miaka mitano zinakwenda shuleni zote, huwezi kuzificha nyuma ya GRE. Amua mapema uko upande gani.

Mwana_Kivu

Aksanti sana bandugu kwa uzi huu. Mimi niko Lexington, Kentucky. Kiingereza kwangu ni lugha ya nne, nyuma ya Kiswahili, Kishi na Kifaransa. Kusoma nasoma, lakini yale maswali ya hoja yananizungusha. Nafika kwenye "unless" kichwa kinasimama. Je, wanatoa muda wa ziada kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake? Na je, kozi ya video itanisaidia au nahitaji mwalimu?

Mwalimu_Atlanta

Ndugu yangu wa Kivu, muda wa ziada ni kwa wenye ulemavu au maradhi yenye ushahidi, si kwa lugha. Lakini tatizo lako si Kiingereza kama unavyodhani. Nimefundisha Wamarekani waliozaliwa hapa hapa, nao "unless" inawapiga chenga.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, kwa hiyo nafundisha hivi. Chukua sentensi: *matatu haiondoki mpaka ijae.* Ukiikuta matatu hiyo iko njiani, umejua nini? Ilijaa, hakuna mjadala. Sasa ukiikuta imejaa pale stendi, umejua imeondoka? La. Dereva huenda yuko kibandani anamalizia chai, na makanga anatafuta chenji. Kujaa ni sharti la lazima, lakini si sharti la kutosha. Watunga mtihani wanaishi kwenye mwanya huo huo. Watakuandikia aya nzima kuhusu chanjo za ng'ombe au sanamu za kale, na mwisho wake mtu anasema "imejaa, kwa hiyo imeondoka". Kazi yako ni kumkamata.

Kila ukiona "unless", ifanye "mpaka" kichwani, kisha jiulize matatu ni nini na kujaa ni nini.

La pili, "some". Mtu wetu akisema baadhi ya wageni walikula pilau, masikio yetu yanasikia kwamba wengine hawakula. LSAT haisikii hivyo. Baadhi ni kuanzia mmoja, na huenda ni wote. Nimewaona watu wakipoteza maswali mawili matatu kila mtihani kwa adabu hiyo ya lugha tu.

La tatu, sababu na matokeo. Kanga zetu zilishamaliza: awike asiwike, kutakucha. Ukiona hoja inayosema jogoo ndiye anayeleta asubuhi kwa kuwa kila akiwika kunakucha, hapo pana kosa, na jibu la kuidhoofisha litakuwa moja kati ya haya: kumekucha siku ambayo jogoo hakuwika, au kuna kitu kingine kinachoamsha jogoo na jua vyote viwili.

Video au mwalimu? Mimi naishi kwa kufundisha na bado nakwambia: anza peke yako. Njoo kwa mwalimu ukiwa na daftari la makosa, wiki nne au tano za makosa yako mwenyewe. Saa moja na daftari hilo inazidi saa kumi bila daftari.

Mzee_wa_Pwani

Marahaba binti. Mnazungumzia bei ya kozi, mimi niwarudishe kwenye bei ya shule. Binti yangu alipitia hayo.

Mikopo ya serikali imebadilika. Ule mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa unafunika gharama zote, umefungwa kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Wanafunzi wa sheria sasa wana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Zipo shule ambazo ada peke yake inavuka hapo, hujala, hujalipa nyumba. Kinachobaki ni benki binafsi, na benki si mjomba wako.

Kwa hiyo alama za LSAT zisichukuliwe kama ufunguo wa mlango tu, ni pesa. Kila shule iliyoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, inalazimika kutoa ripoti inayoitwa 509. Iko wazi kwenye tovuti zao. Ndani utaona LSAT ya robo ya chini, ya katikati na ya robo ya juu, na utaona wangapi wanapata msaada wa ada na kwa kiasi gani. Ukiwa juu ya ile ya katikati, shule inakuhitaji wewe kuliko unavyoihitaji. Ukiwa chini yake, utalipa wewe ada inayosaidia kumsomesha mwenzako.

Na humo humo angalia mstari wa ufadhili wenye masharti, wangapi walinyang'anywa baada ya mwaka wa kwanza. Binti yangu aliikataa shule moja nzuri kwa mstari huo mmoja.

Mwanasheria_Kesho

Mzee umenena. Niongeze jambo linalomhusu Binti_Kigoma moja kwa moja. Shahada yako ni ya nje, kwa hiyo LSAC hawatakugeuzia GPA ya Kimarekani. Wataitathmini na kuipa maelezo tu, kama bora sana au juu ya wastani, na haiingii kwenye ile GPA ya katikati ya shule. Maana yake, kwako LSAT inabeba mzigo wa watu wawili.

Na anza transkripti LEO. Chuo chako lazima kiitume moja kwa moja kwa LSAC, wewe ukiituma haikubaliki. Mimi ofisi ya usajili kule nyumbani ilinizungusha miezi mitatu, faili limehama jengo, mhusika yuko likizo, mtandao uko chini. Mwishowe shangazi alikwenda akakaa kwenye benchi la nje mpaka bahasha ikatoka. Barua za wahadhiri za kukupendekeza nazo ni vivyo hivyo. Ombeni mapema, tena kwa simu, baruapepe hawajibu.

Wakili_NY

Nimeona wengi humu wana LLB za nyumbani, shahada ya kwanza ya sheria, wanafikiria JD. Subirini kidogo. Kama LLB yako ni ya nchi inayofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, New York wanaweza kukuruhusu kufanya mtihani wa uwakili, na upungufu fulani unazibwa na LLM, shahada ya pili ya sheria, ya mwaka mmoja. LLM haihitaji LSAT. Nilipita huko. Lakini kila jimbo na lake, na kwa Binti_Kigoma mwenye sosholojia, njia ya kawaida ni JD.

Mpemba_Toronto

Kwetu Kanada nako shule nyingi zinazofundisha kwa Kiingereza zinaitaka LSAT hiyo hiyo. McGill hawailazimishi. Nimeishia hapo, theluji inanisubiri nje.

Binti_Kigoma

Jamani, asanteni sana. Mzee, hiyo 509 nimeikesha jana usiku kazini kuanzia saa nane mpaka alfajiri. Kuna shule hapa Texas niliyokuwa naiota, nimeona ile ya katikati yao, nikaelewa kwamba kuomba na alama zangu za sasa ni kuwapelekea mchango.

Maswali mawili. Kurudia mtihani kunaniharibia? Na nikiomba mwezi Januari au Februari, kabla tu ya tarehe ya mwisho, kuna ubaya?

Mwalimu_Atlanta

Kurudia hakukuharibii. Unaruhusiwa mara tano ndani ya miaka mitano na mara saba maishani. Shule inaripoti alama yako ya juu kabisa, kwa hiyo hata wao wanataka upande. Ila usifanye mtihani rasmi kama zoezi. Fanya ukiwa mazoezini umegusa alama unayoitaka mara tatu nne mfululizo.

Kuomba mwishoni kuna ubaya. Nafasi na pesa za ufadhili zinagawiwa kadiri maombi yanavyofika, kuanzia Septemba. Anayekuja Februari anakuta sufuria lina ukoko. Wewe wa 2027 tuma kati ya Septemba na Novemba 2026.

Na jambo moja la watu wa zamu: fanya mazoezi saa ile ile utakayofanya mtihani. Mwanafunzi wangu mmoja, nesi wa usiku, alikuwa anasoma saa tisa usiku akiwa macho makavu, mtihani ukawa saa tatu asubuhi, akasinzia kwenye ufahamu.

Chui_wa_Columbus

Kuanzia Agosti 2026 karibu kila mtu atakwenda kwenye kituo, kufanyia nyumbani kunabaki kwa sababu maalumu. Kama nyumba yako ina kelele, hiyo ni habari njema.

Binti_Kigoma

Nyumba yangu ina watu sita na jogoo mmoja wa jirani, anawika hata asipoleta asubuhi.

Basi nimeamua. Mwalimu wa dola 150 nimemwambia asubiri. Nalipia LawHub ya mwaka na kuanza peke yangu wiki nane, sehemu moja kwa siku baada ya kulala, na Jumapili mtihani mzima. Daftari la makosa nimeshanunua. Nikikwama sehemu moja isiyosogea, nachukua kozi mwezi mmoja kwa sehemu hiyo tu. Mtihani Juni, Agosti nimeuweka akiba. Transkripti nimemtuma kaka yangu leo, nimemwambia abebe kitabu cha kusoma kwenye benchi.

Mwana_Kivu

Dada, hiyo Jumapili naomba tufanye pamoja. Kila mtu kwake, kisha tunapigiana simu tunabishana majibu kabla ya kuyaangalia. Ukianza saa mbili usiku Houston, kwetu ni saa tatu.

Binti_Kigoma

Saa mbili asubuhi, ndugu yangu. Umesikia habari za yule nesi.

Mwana_Kivu

Nimesikia. Asubuhi, basi. Kanisani nitaenda misa ya pili.