Kanada inajaa au inazeeka? Mimi nimechanganyikiwa

MamaTheluji
Wanajukwaa, hamjambo. Nina swali, msinicheke. Nilikaa Brampton, mji ulio jirani na Toronto, miaka sita. Basi la asubuhi ukipanda hupati pa kushika: vijana na mabegi yao, Kipunjabi mbele, Kitwi nyuma, mimi katikati nanong'ona na simu kwa Kiswahili. Mwaka jana nikahamia Miramichi, mji mdogo wa jimbo la New Brunswick huku mashariki, kuhudumia wazee. Korido yangu ina vyumba 22 na mdogo kuliko wote ana miaka 74. Mtaani kwangu nyumba nne mfululizo kila moja ina bibi mmoja na paka. Juzi namkata kucha bibi mmoja wa Kiakadia, wale wenyeji wa huku wanaozungumza Kifaransa, akaniuliza: "Huko mlikotoka, watoto bado wapo?"

Jioni nawasha habari: watu wamezidi, nyumba hazitoshi, wageni wapunguzwe. Wamezidi wapi jamani?

KalamuNaKaratasi
Imejaa na inazeeka, dada, vyote kwa pamoja. Mwaka 2023 peke yake Kanada iliongeza watu 1,271,872, na karibu 98% ya ongezeko hilo ni waliotoka nje. Mwaka huohuo uzazi ulikuwa chini ya watoto 1.3 kwa kila mwanamke, wakati ili watoto wachukue nafasi ya wazazi wao inatakiwa kama 2.1. Uwanja wa ndege ulijaa, wodi ya wazazi ikapwaya.

Halafu huyo "mdogo" wako wa miaka 74 mwangalie vizuri. Yeye ni wa lile kundi kubwa lililozaliwa kati ya 1946 na 1965. Wa kwanza wao walitimiza 65 mwaka 2011, kwa hiyo wengi bado wanaendesha magari yao na kukata nyasi. Korido yako haijaona kitu. Sensa ya 2021 ilikuta wenye miaka 65 na zaidi ni 19% ya nchi nzima, lakini jimbo la Newfoundland na Labrador ni 23.6%, na New Brunswick haiko mbali.

KondaBrampton
Wamezidi huku, njoo uone! Besimenti niliyoanzia tulikuwa saba, jiko moja, na kwenye friji kila rafu ina jina la mtu kwa tepu. Maziwa yangu yalikuwa yakipungua kimiujiza. Zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huu wamezaliwa nje ya Kanada, na mtu hufuata alipo binamu yake, hekalu lake na bosi anayemwelewa lafudhi. Ramani haimwambii kitu.

Wengi tuliokuwa mle tulikuwa na vibali vya muda, vya kusoma au kazi. Ndiyo maana Januari 2024 serikali ikaweka kikomo cha vibali vya wanafunzi, na Oktoba ikashusha lengo la wageni wa kupewa ukazi wa kudumu mwaka 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000. Besimenti ikapumua kidogo. Sijui kama korido ya dada itapumua.

Winnipeg_Baridi
Mnaongea kana kwamba kila kijana wa nchi hii ameshuka na ndege. Wenyeji wa asili, yaani Mataifa ya Kwanza, Wametisi (wenye asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu) na Wainuiti wa kaskazini, walikuwa milioni 1.8 sensa ya 2021, wastani wa umri wao miaka 33.6. Wengine wote ni karibu 42. Huku kwetu darasa la mwanangu limejaa watoto wao. Habari za jioni huwasahau, na nyie pia.

MamaTheluji
Nimesahihishwa, kaka, ahsante.

Yule bibi nimemrudia. Kwao walizaliwa kumi na mmoja. Yeye alizaa watatu, na wote wako Alberta, jimbo la mbali huko magharibi. Leo wamefika wahudumu wawili wapya kutoka Kerala, India, bibi kafurahi kweli, kawashika mikono. Chai haijapoa, mmoja ananiuliza pembeni nauli ya Toronto ni dola ngapi.