Dawa ya saratani ya damu: macho yanavimba, rangi inapauka. Wenzangu mnaishije nayo?

MshonaViua, Wete

Asalaam alaykum. Mie mama wa hapa Wete, nashona kofia za viua. Nna saratani ya damu, hii wanayoiita CML, na nameza imatinibu miligramu 400 kila siku. Alhamdulillahi dawa inafanya kazi, vipimo vya Muhimbili vinashuka na daktari karidhika. Tabu yangu ni haya yanayokuja na dawa.

Kichefuchefu nishakijulia, nikimeza baada ya kushiba hakinisumbui. Lakini macho! Naamka yamevimba mpaka wifi yangu kauliza nimelizwa na nani. Vidole navyo, niko katikati ya kiua vinakazana vinajikunja vyenyewe, sindano inaanguka. Usiku ni zamu ya miguu.

Linaloniudhi zaidi ni rangi. Mie mweusi na naupenda weusi wangu. Sasa uso unapauka, mikono inapauka, na harusini juzi nasikia nyuma yangu, "Na huyu naye kaanza mkorogo." Mtu mzima mwenye wajukuu! Maradhi yangu hawayajui na sitaki wayajue, sasa niwajibu nini?

Jirani ananishauri niipumzishe dawa kidogo mwili upate nguvu. Mwengine kaniletea chupa ya dawa ya miti, ati inasafisha damu. Ipo kabatini, sijaigusa. Na Ramadhani ndiyo hiyo inakaribia.

Baharia wa Mkoani

Waalaykum salaam bi, pole sana. Mie natumia dawa hiyohiyo, mwaka wa kumi huu unaingia. Kuipumzisha usikubali. CML inatokana na kromosomu inayoitwa Philadelphia, ambayo inatengeneza protini ya BCR-ABL, na protini hiyo ndiyo inayoziamrisha seli nyeupe zizaliane ovyo. Kidonge kinaifunga mdomo. Ukiacha, itaanza tena kuamrisha, na ukimeza leo kesho ukaruka, maradhi yanaweza kuwa sugu kwa dawa. Wapo wanaoruhusiwa kuacha, lakini ni baada ya miaka ya vipimo vizuri kabisa, na bado wanaendelea kupimwa. Jirani hana kipimo.

Macho yangu yalipungua nilipopunguza papa mkavu. Kwetu huku ni mtihani, lakini chumvi inazuia maji mwilini. Laza kichwa juu kidogo, ongeza mto. Ila ukiona uzito unapanda ghafla au pumzi inakuwa fupi, usingojee tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

BintiMwera

Shoga, hilo la mkorogo limenikuta. Nilimuuliza daktari, akanambia imatinibu haiishii kwenye BCR-ABL, inazuia pia protini ya KIT, na seli zinazotia ngozi rangi zinaitegemea hiyo. Kwa hivyo ni dawa, si wewe. Kwa wengi rangi hurudi dawa ikipunguzwa au ikibadilishwa, lakini hayo aamue daktari. Mie namaliza kwa kusema, "Dawa ya hospitali imenipausha," basi. Sielezi dawa ya nini. Akiuliza zaidi namuuliza habari za mumewe. Na jua la mchana jikinge, ngozi iliyopauka inaungua upesi.

NesiMstaafu, Unguja

Bi Mshona, vidole na miguu waambie kliniki wakupime madini ya damu, yaani kalsiamu, magineziamu na potasiamu. Yakiwa chini yanarekebishwa. Kabla ya kulala nyoosha miguu, vidole vitie maji ya uvuguvugu. Ibuprofeni usijinunulie, chembe za kugandisha damu zikiwa chini inaweza kukutia hatarini ukatokwa na damu.

Chupa ile iache hukohuko. Imatinibu inavunjwa na ini, na miti mengine inaipandisha au kuishusha dawa kwenye damu bila ya mtu kujua. Hata balungi limo.

Kuhusu Ramadhani, dawa yako ni mara moja kwa siku pamoja na chakula, kwa hivyo wengi hupangiwa baada ya futari. Muulize daktari wako kwanza. Meza na bilauri kubwa ya maji na usilale papo hapo (tarawehe zitakusaidia hapo). Wanaotumia nilotinibu, dawa nyengine ya CML, wasiige hili, ile ni mara mbili kwa siku na tumbo tupu.

MshonaViua, Wete

Mungu akulipeni. Kesho napiga simu kliniki kuhusu vidole. Lile jibu la BintiMwera nimelichukua, hasa la mume.

Baharia wa Mkoani

Bi, vidole vikitulia, kofia ya viua unauzaje? Naozesha kijana baada ya Idi.